Wa Mwisho Amefika?

Nilipokuwa na chumba Isiolo, jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa mwalimu. Mtaa wetu wa Bula Pesa ulikuwa na walimu wengi, wa madrasa na wa shule, lakini ukisema "Mwalimu" na kunyamaza, kila mtu alijua unamsema yule mama mrefu wa chumba cha karibu na mfereji, aliyevaa filimbi shingoni hata akienda kununua mafuta ya taa. Jina lake nalijua. Silitaji kwa sababu yeye mwenyewe, miaka ya mwisho, alikuwa ameanza kuogopa kumtaja mtu mbele ya watu, na naona nimlipe kwa hofu hiyo hiyo.

Wala sitasema alizaliwa lini au ukoo wake ulitoka kilima gani. Kwao ni upande wa Meru. Hilo nililijua kwa "rakini" yake, maana alisema "rakini" na "reo" maisha yake yote, huku akitusahihisha sisi wengine Kiswahili kutwa kucha. Mimi kazi yangu ilikuwa malori ya mifugo. Naondoka na ng'ombe wa kwenda Nairobi, narudi na bidhaa za madukani, nalala siku mbili tatu, kisha natoka tena kuelekea Marsabit au Garba Tula. Kwa hiyo namkumbuka vipande vipande. Kila nikirudi namkuta mahali tofauti kidogo na pale nilipomwacha, na yeye ananikuta vile vile. Aliniita Msafiri. Hakulisema kwa sifa.

Alikuwa na swali moja. Mtu akimletea habari yoyote, ya harusi, ya mkutano, ya basi lililoharibika kule Subuiga, alisikiliza mpaka mwisho, halafu anauliza, "Wa mwisho amefika?" Hakutaka kujua nani alitangulia. Ule mwaka wa ukame tulipokula unga wa njano, chifu alimwita mbele ya foleni kwa heshima ya kazi yake. Akakataa. Akaenda akasimama kule nyuma kabisa, karibu na seng'enge, akimwangalia kila anayeingia.

Chifu akamwambia, "Mwalimu, ungekuwa wewe ndiye unayefungua mlango wa mbinguni, tungechelewa sote."

"Mngechelewa pamoja," akajibu. "Kuna ubaya gani?"

Na Mwalimu huyo huyo hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Kanisani aliingia katika wimbo wa tatu, akiwa amepiga pasi kola mpaka inakata. Shuleni mwalimu mkuu alimwandama kwa hilo miaka na miaka. Ukimuuliza alisema, "Nilikuwa nahakikisha wa mwisho amefika," na wa mwisho alikuwa ni yeye.

Alikuwa mkali. Watoto werevu walimkimbia, kwa sababu mwerevu akikosea hesabu alimkaripia kana kwamba ameiba. Wanawake wa mfereji walishusha sauti akipita, wasije wakasahihishwa. Nilimsikia siku moja akimsimamisha mchuuzi wa kuku aliyekuwa akipita akiimba bei zake: "Si kuku mzuri moja. Kuku mzuri mmoja." Yule jamaa akamtazama kuku, akamtazama Mwalimu, akasema, "Mama, utanunua ama utafundisha yeye?" Mwalimu akamnunua. Kisha akarudi ndani akicheka peke yake, nami nikimsikia kupitia ukutani. Alikuwa na kicheko kidogo cha kujificha, kama mtu anayekula kitu alichokatazwa na daktari.

Alipenda pia kuonekana. Hili nalisema kwa sababu yeye mwenyewe alilisema baadaye, mara nyingi kuliko nilivyotaka kulisikia. Afisa akija kutoka Nairobi, Mwalimu alivaa lile gauni lake la buluu lenye kola nyeupe na kusimama mahali ambapo lazima afisa ampite.

Shuleni alifundisha darasa lililoitwa "darasa la nyuma". Lilikuwa nyuma ya stoo, banda la mabati, na ndani yake walikaa watoto na vijana ambao mji uliwaita majina ambayo sitayarudia. Wengine walikuwa wakubwa, wana ndevu. Alipewa darasa hilo kama adhabu, baada ya kugombana na mwalimu mkuu. Alinisimulia mwenyewe, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za vyumba vyetu na vikombe vya chai, kwamba miezi ya kwanza alikuwa akifunga mlango wa banda kwa ndani, anawaacha wakae, naye anafuma. Alikuwa anasubiri waje wamwondoe. "Nilifuma sweta mbili, Msafiri. Watoto wa watu wamekaa tu wananitazama mikono. Halafu siku moja mmoja akaniokotea uzi ulioanguka, akausafisha vumbi, akanirudishia. Nikaona haya." Zile sweta hakuwahi kuzivaa. Nadhani aliwapa watu wa kanisa.

Mbio zilianza kwa sababu banda lilikuwa na joto. Ikifika alasiri aliwatoa nje, akawapeleka kwenye kiwanja cha zamani cha ndege ambapo mbuzi walikuwa wengi kuliko ndege, akachora mstari wa majivu ya jikoni, akawaambia wakimbie. Yeye hakuweza kukimbia. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa mbaya. Kwa hiyo alisimama kule mwisho, ng'ambo ya majivu, akafungua leso kwa mikono miwili kama anayeanika, na kuita, "Njoo! Njoo! Njoo!" Kila mkimbiaji alimaliza ndani ya leso ile. Alimfunga, akamshika kidogo, akamwachilia, akaifungua tena kwa anayefuata. Waliozoea kutengwa mezani walikimbia kama wazimu kuifikia ile leso. Nimesafiri sana tangu hapo na nimeona viwanja vyenye majukwaa na taa. Sijaona mstari wa kumalizia mbio unaozidi ule.

Miongoni mwao alikuwamo Talaso. Alikuwa msichana wa Kiborana, mkubwa tayari, amepita umri wa shule, mrefu, mwenye shingo ya kuinuka na maneno machache. Nyumbani walisema ana ulimi mzito kwa sababu ya homa ya utotoni, na mtaa uliliacha hivyo. Hakujua kuhesabu, rakini, kama alivyosema Mwalimu, hapotezi mtu. Alikuwa amechunga mbuzi wa baba yake mpaka mbuzi walipokwisha, na mchungaji hahitaji hesabu. Anawatazama tu, anajua yule mwenye sikio jeupe hayupo. Talaso aliwajua wenzake namna hiyo. Na kwa kuwa anayechunga hutembea nyuma ya mifugo, Talaso alikimbia nyuma. Alikuwa na mbio kuliko wote. Nilimwona siku moja akifukuza punda aliyeiba kitambaa, hakuna mwanamume wa Isiolo angemshika. Lakini mbele ya mstari wa majivu alikaa nyuma yao, anawafukuza kwa mkono, "Hoy! Hoy!", na mtu akipotoka anamrudisha kwa kumvuta sikio. Aligomba. Hakuwa malaika. Chakula kikija alichukua kinono kwanza.

Mwalimu alimpenda kuliko wote na alidhani hatujui.

Walipopelekwa Nanyuki kushindana na timu za miji mingine, nilikuwepo, kwa sababu ni lori letu lililowabeba. Mwalimu alikuwa amemkanya Talaso wiki nzima: mbele, Talaso, siku hiyo kimbia mbele. Naye akatii. Walipoanza alitoka kama mshale, akawaacha wote, na mtangazaji akapaza sauti kwenye kipaza sauti: "Msichana wa Isiolo anaongoza! Anaongoza!" Karibu na mwisho, Talaso akageuza kichwa. Kijana wetu mmoja, Lokwang, alikuwa ametoka njiani akasimama kutazama trekta. Talaso akafunga breki. Akarudi nyuma akipishana na watu wote anaowashinda, akamshika Lokwang sikio, akaanza kumswaga. Mtangazaji akachanganyikiwa. "Jamani, huyu msichana alikuwa anaongoza, sasa ameacha kuongoza!"

Mwalimu, mwenye nyonga mbovu, alivuka uwanja mzima mpaka kwenye meza ya yule mtangazaji. "Sahihisha," akamwambia. "Hapo ndipo ameanza kuongoza."

Yule jamaa alicheka akadhani ni mzaha. Talaso na Lokwang walifika wa mwisho, Lokwang akilia kwa sababu ya sikio. Leso ilikuwa imefunguliwa.

Nadhani ni siku hiyo wazo lilipomwingia. Kulikuwa na kamati moja ya michezo ya walemavu, yenye makao Nairobi, iliyokuwa imeanzisha tuzo ya uongozi. Haikuwa ya makocha wala ya wafadhili. Ilikuwa ya wanamichezo wenyewe, wale ambao akili zao ziliitwa pungufu. Kila mji ulitakiwa kumpendekeza mmoja, hadharani, kwa mdomo, mbele ya wageni na wenyeji, na atakayechaguliwa atakwenda Nairobi kupewa tuzo na kusemea wenzake. Mwalimu alirudi na habari hiyo akiwa hana pumzi. Kiongozi kutoka darasa la nyuma! Alinigongea ukuta kwa ufunguo.

"Msafiri! Nimepata wa kumpendekeza."

"Nani?"

"Unaniuliza nani?"

Jioni ile nilikwenda naye kiwanjani, nimembebea dumu la maji. Talaso alikuwa amevaa gauni jipya la maua ya manjano. Mwalimu alimwita pembeni, akasimama wima kama anayetangaza matokeo, akasema, "Talaso, umependekezwa."

Talaso alijitazama kifuani, akajitazama pindo, uso wote ukafunguka. "Asante, Mwalimu. Ni ya Mama."

Nilicheka mpaka dumu likanimwagikia. Mwalimu naye akacheka kicheko chake cha kujificha. "Si umependeza. U-me-pen-de-ke-zwa. Nimetaja jina lako. Utakuwa kiongozi. Umekubali?"

"Asante," akasema Talaso tena, na akazunguka ili tuone mgongoni.

Tangu siku hiyo aliyevaa vizuri aliambiwa na Talaso "umependekezwa". Aliniambia mimi, siku niliponyoa. Alimwambia dereva wangu, na imamu, na mbuzi mmoja aliyefungwa utepe. Mwalimu alimsahihisha kila mara. Neno halikubadilika.

Siku ya kupendekeza, ukumbi ulijaa. Wageni wa Nairobi mezani, wazee viti vya mbele, na nyuma wafanyabiashara wa mifugo waliokuwa wametoka sokoni na fimbo zao, wamekuja kutazama tu. Mwalimu alivaa la buluu. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alifika mapema.

Alizungumza vizuri. Alieleza Nanyuki, akaeleza sikio la Lokwang, ukumbi ukacheka mahali pa kucheka. Mgeni mmoja akauliza, "Huyu anaongoza mbio ngapi mpaka sasa?"

"Hata moja," Mwalimu akasema. "Anaongoza watu."

Makofi. Nilipiga kuliko wote. Hapo mwenyekiti wa kamati, mtu mpole mwenye miwani, akasema, "Vizuri sana, Mwalimu. Sasa tueleze ulemavu wake ni wa namna gani, wananchi wapate kuelewa."

Mwalimu akajibu kwa sauti ile ile ya darasani, sauti isiyomeza herufi: "Ana upungufu wa akili, tangu kuzaliwa."

Kisha akamnyoshea Talaso mkono asimame. Talaso akasimama katika lile gauni la manjano, watu wakapiga makofi, naye akazunguka taratibu ili waone mgongoni.

Mimi sikuona chochote kibaya. Nilikuwa nimesimama nyuma kati ya wale wafanyabiashara, na jirani yangu, mzee mmoja wa Garba Tula, alikuwa ameacha kupiga makofi, nikadhani amechoka. Sikujua kwamba mzee huyo mwanawe alikuwa amemposa mdogo wake Talaso. Homa ya utotoni ni bahati mbaya, humpata yeyote. Tangu kuzaliwa ni damu. Alitoka kabla ya chai.

Posa ikarudishwa ndani ya wiki ile. Na haikuwa kwa ugomvi. Walituma watu wa heshima, wakaongea kwa upole, wakaondoka.

Kaka yake Talaso alikuja kwa Mwalimu alasiri. Tulikuwa kwenye ngazi. Alikuwa kijana mtaratibu, aliyemwita Mwalimu "mama" siku zote. Alipiga hodi ingawa tulikuwa nje na mlango ulikuwa wazi, akakaribishwa, akakataa kukaa.

"Mwalimu," akasema, "hii dada yangu tulikuletea mzima. Umeturudishia na jina."

"Nilimsifu," Mwalimu akasema.

"Najua. Mji yote inajua. Mpaka Garba Tula inajua."

"Nilimsifu mbele ya watu wakubwa. Hakuna mtu amewahi..."

"Mama, ungesifu yeye pole pole. Ungekuja nyumbani kwanza."

Mwalimu akashika filimbi yake. "Nilimuuliza mwenyewe. Si mtoto. Nilimuuliza."

"Alisema nini?"

Nilimwona Mwalimu akilitafuta jibu na nikaona linavyomfika. "Alisema asante."

Kaka akatazama chini. "Hata mbuzi yeye anaambia asante," akasema. Akaaga kwa adabu, akaenda.

Baada ya siku chache walihama, kwenda Rapsu kwa mjomba aliyekuwa na shamba la kumwagilia maji kule chini ya Kinna. Talaso aliondoka juu ya mizigo. Mwalimu hakwenda kumuaga. Mwaka ule tuzo ilikwenda mji mwingine.

Sasa niseme kilichompata, kwa sababu mtu akiniuliza Mwalimu alikuwa mtu wa namna gani, ninayemwona kwanza ni huyu wa baadaye. Filimbi ilitoka shingoni, ikatundikwa kwenye msumari. Mbio hazikukoma, angewakataza watoto kukimbia wangemla mzima. Lakini aliita kwa sauti ndogo. Gauni la buluu alilikunja akaliweka chini ya sanduku. Na kosa lile hakuliita kosa la kusema neno baya. Nilipojaribu kumtetea kwamba aliulizwa, akajibu ukweli, alinikatiza.

"Ukweli wa nani? Mimi nilikuwa nataka nionekane, Msafiri. Nilitaka wajue kile kibanda kimetoa nini. Sikudanganya. Rakini nilimuuliza kwa neno ambalo sikuwa nimemfundisha. Akanipa asante, nikaichukua kuwa ndiyo."

Nikamwambia hata mimi nilicheka, nilikuwepo.

"Wewe ulicheka ukaenda Marsabit," akasema, bila ukali. Kweli nilikwenda Marsabit.

Mwalimu alianza kujifunza Kiborana. Katika umri wake, na mvi zake. Alijifunza kwa mama mmoja aliyeleta maziwa ya ngamia asubuhi, maziwa ambayo Mwalimu alidai hayapendi na aliyanywa mpaka tone la mwisho. Kutoka ng'ambo ya ukuta nilisikia kitu ambacho sikuwahi kutegemea: Mwalimu akisahihishwa. Mama wa maziwa alikuwa hana huruma. Alimrudisha nyuma neno moja mara nyingi, akamcheka waziwazi, akamwita mwanafunzi mzee. Mwalimu alirudia kama mtoto. Kamati ya Nairobi ilipokuja tena na kuuliza safari hii anampendekeza nani, aliwaambia, "Nendeni mkamuulize mwenyewe kwanza, kwa lugha ya mama yake, nyumbani kwao, na mama yake akiwepo. Halafu mkae mnywe chai. Halafu mrudi siku nyingine mkamuulize tena." Walimwona amekuwa mgumu. Hawakurudi.

Lakini kwenda Rapsu hakwenda. Kila nilipoelekea upande wa Garba Tula alinipa kifurushi: sukari, majani ya chai, leso. Safari moja nilifanikiwa kufika. Mama yake Talaso akapokea, akanishukuru mimi, hakumtaja aliyetuma. Talaso hakuwepo, alikuwa shambani. Niliporudi Mwalimu aliniuliza mambo mengi, je, mdogo wake aliolewa? Nikamwambia nimesikia ameolewa Merti, na mtu mwema. "Kwa hiyo yeye amefika," akasema. Nikamwambia, basi twende, lori lipo. Akasema atamwambia nini Talaso.

"Mwambie pole."

"Pole ni ya mtu aliyejikwaa. Mimi nilimsukuma."

Alipokaribia kustaafu nilikuwa nimekwisha hamia Nakuru, na kabla ya hapo Garissa, na kabla ya hapo sijui wapi. Nilirudi Isiolo mwishoni mwa miaka ya themanini kubeba vitunguu vya Rapsu kupeleka Nairobi. Nikapita Bula Pesa kumsalimu. Chumbani kwangu alikuwa anakaa askari jela. Mwalimu alikuwa amekonda, anatembea na fimbo, na filimbi bado iko msumarini. Nikamwambia ninakokwenda. Aliingia ndani, akakaa sana, mpaka dereva akaanza kupiga honi, na alipotoka alikuwa amevaa la buluu, lenye mikunjo ya sanduku.

"Sina lingine safi," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Tulipofika, lori lilisimama upande huu wa mfereji mkuu wa shamba, ambapo magunia yalikuwa yamepangwa. Ng'ambo kulikuwa na mahindi ya kijani na watu wakipalilia. Mama yake Talaso ndiye aliyetujia wa kwanza, amezeeka, akamtazama Mwalimu aliyekuwa bado amekaa ndani ya gari na mlango umefunguliwa.

Mwalimu akamsalimu kwa Kiborana. Kirefu, kwa mpangilio wote, habari za nyumba na za mifugo na za mvua. Mama alijibu hatua kwa hatua, kwa sababu salamu haikatizwi. Walipomaliza akamwambia kwa Kiswahili, ili nasi tusikie, "Umechelewa, Mwalimu."

"Nimechelewa."

"Talaso hana hasira. Mimi iko na hasira."

"Ndiyo, mama."

"Bado iko." Akasogea pembeni, akamwachia njia.

Mwalimu hakushuka. Alishika fimbo kwa mikono miwili na kutazama miguu yake, na mimi nikaona tutapakia vitunguu, tutageuza, na atarudi Isiolo bila kukanyaga chini. Ndipo tukasikia mtu anaita kutoka ng'ambo.

Talaso alikuwa amesimama mwisho wa kijia cha udongo kinachopita juu ya mfereji. Alikuwa amenenepa. Alikuwa ametoa leso begani, ameifungua kwa mikono miwili kama anayeanika.

"Njoo!" akaita. "Njoo! Njoo!"

Watu waliokuwa wakipalilia wakainuka wakatazama. Mwalimu akashuka. Nilitaka kumshika mkono akanisukuma kwa kiwiko. Alivuka peke yake, fimbo, nyonga, fimbo, nyonga, na Talaso hakuacha kuita, wala hakusogea kumfuata hata hatua moja, kama alivyofundishwa, mpaka Mwalimu alipofika akaingia ndani ya leso, nayo ikamfunga.

Nilikuwa nimemfuata nyuma, kwa hiyo nilisikia. Mwalimu alikuwa anajaribu kusema kitu kwa Kiborana, kitu alichokijifunza kwa miaka mingi kwa yule mama wa maziwa, na hakikutoka. Talaso hakusubiri kitoke. Alimsukuma nyuma kidogo kwa mabega, akaitazama kola nyeupe, akalitazama gauni lote mpaka pindo, uso ukafunguka.

"Mwalimu," akasema, "umependekezwa."

Niligeuka kumtazama Mwalimu, nikisubiri amsahihishe. Alifuta uso kwa ncha ya ile leso.

"Nani amenipendekeza?" akauliza.

"Mimi," akasema Talaso.